Kuiga bamba la mwanga lenye unamu kwenye programu ya optiki: mwongozo kamili

Nyuma ya skrini ya simu, ndani ya dashibodi ya gari na chini ya vitufe vya kibodi inayowaka gizani kuna kipande chembamba cha plastiki angavu ambacho watumiaji wengi hawajawahi kukiona. LED hupangwa kwenye ukingo wake. Mwanga huingia kwa ubavuni, husafiri ndani ya plastiki, kisha hutoka juu ukiwa umesambaa uso mzima. Kazi ya kuutoa hufanywa na unamu: vinundu, vishimo, mifereji au nukta za wino mweupe, vyote vyenye upana wa sehemu ndogo ya milimita, vilivyotapakaa kwenye uso wa chini.

Anayeanza kazi hii huhangaika sana na umbo la kinundu. Umbo lina nafasi yake na tutalifikia, lakini kinachoamua kama bamba litang'aa sawasawa ni hesabu: katika kila milimita ya safari, mwanga umebaki kiasi gani, na hapo utolewe kiasi gani. Bamba hili ni kama bomba la maji lililotobolewa; matundu ya mwanzo yakiwa mengi, mwisho wa bomba huambulia matone. Mwongozo huu unaifuata hesabu hiyo kuanzia bamba tupu hadi faili la kupeleka kiwandani.

Mfano tutakaotumia ni bamba la akriliki lenye urefu wa milimita 150, upana wa 100 na unene wa 2, likiwa na LED kwenye ukingo mmoja mfupi. Hatua ni zilezile ukitumia LightTools, TracePro, Speos, FRED au OpticStudio. Kinachotofautiana ni menyu na majina ya vitufe.

## Kwa nini mwanga unanaswa ndani

Fahirisi ya mpindiko ya akriliki, yaani kipimo cha jinsi inavyoupinda mwanga, ni takriban 1.49. Maana yake, mwale ulio ndani ya plastiki ukigonga uso kwa pembe inayozidi digrii 42, ukipima kutoka mstari uliosimama wima juu ya uso huo, hautoki. Unaakisiwa wote kurudi ndani. Hiyo ndiyo pembe mpaka.

Sasa uangalie mwale unaotoka hewani na kuingia kupitia ukingo. Hata ukija umelala kabisa, ukishaingia unapinda kiasi kwamba hauachani na mhimili wa bamba kwa zaidi ya digrii 42. Nyuso za juu na chini ziko mraba na ukingo huo, kwa hiyo mwale huzigonga kwa pembe isiyopungua digrii 48. Imezidi 42, basi umenaswa. Kuta za pembeni nazo ziko mraba na ukingo wa kuingilia, na hoja ni ileile. Njia za kutokea zinabaki mbili tu: ukingo wa mbali, na ule ule ulioingilia.

Jambo hili ni kweli kwa plastiki yoyote yenye fahirisi inayozidi 1.414, yaani kipeuo cha pili cha 2. Polikaboneti, yenye fahirisi ya karibu 1.585 na pembe mpaka ya digrii 39, inanasa kwa nguvu zaidi. Inastahimili joto kuliko akriliki, lakini hufyonza mwanga wa buluu zaidi, na kwenye bamba refu utaona upande wa mbali ukielekea unjano.

Sharti la haya yote ni kwamba kati ya LED na plastiki kuna hewa. LED ikizamishwa ndani ya plastiki au ikigandishwa kwa gundi angavu, miale huanza safari kwa pembe zozote na sehemu yake huvuja papo hapo.

## Hatua ya 1: Andika lengo kwa namba

Kabla ya kufungua programu, amua unapima nini. Watu wengi huweka kipokezi cha mwanga juu ya bamba, wakaridhika na ramani ya mwangaza unaofika pale. Jicho haliangalii hivyo. Jicho huona mng'ao kutoka upande fulani, na bamba linaweza kutoa kiasi sawa cha mwanga kila mahali huku kona moja ikiutupa kwa mlalo wa digrii 70 na katikati ikiutupa wima. Kwenye ramani ya mwangaza kila kitu ni sawa. Mtu akiangalia kutoka mbele, kona ni nyeusi. Weka vipimo vyote viwili tangu mwanzo: ramani ya mwangaza, na ramani ya mng'ao kutoka mbele.

Kisha andika usawa unaoutaka, kwa kawaida mgawanyo wa sehemu yenye mng'ao mdogo kabisa kwa ile yenye mng'ao mkubwa kabisa, katika pointi 9 au 13 zilizopangwa usoni. Andika pia ufanisi: asilimia ngapi ya mwanga wa LED itoke juu. Namba hii ya pili ndiyo itakayotupatia msongamano wa unamu baadaye.

## Hatua ya 2: Jenga bamba tupu

Chora bamba kama mchemraba bapa na upe kila uso jina lake. Uso wa kuingilia, wa juu, wa chini, wa mbali, wa kushoto, wa kulia. Inachosha kidogo lakini itakuokoa wakati wa kusoma mizania ya nguvu, yaani hesabu ya nguvu inayotoka kwenye kila uso, kwa sababu "Uso_4" hautakuambia chochote.

Ipe nyenzo fahirisi inayobadilika kulingana na urefu wa wimbi, si namba moja tu, na uingize ufyonzaji wake. Programu nyingi huja na akriliki isiyofyonza chochote, na kwa milimita 150 tofauti inaanza kuonekana, hasa kwa kuwa mwanga uliotawanywa husafiri njia ndefu kuliko urefu wa bamba lenyewe.

LED iingizwe kwa faili la miale kutoka kwa mtengenezaji, kama lipo, pamoja na umbo la ganda lake, maana ganda hilo hurudisha au kumeza mwanga unaolirudia. Acha nafasi ya hewa ya sehemu ndogo ya milimita mbele yake. Usiache nyuso mbili zikigusana kwa usahihi wa sifuri. Programu haitajua mwale uko ndani ya kitu gani, na utapata miale yenye hitilafu.

Chini ya bamba weka karatasi ya kuakisi, nayo iachwe na pengo la hewa la kama milimita 0.05. Pengo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Ukilisahau na kuibandika karatasi nyeupe moja kwa moja kwenye plastiki, uso wote wa chini unageuka kuwa nukta moja kubwa ya wino, na bamba linatema mwanga mwingi mapema mno, karibu na LED.

## Hatua ya 3: Jaribu bamba likiwa tupu

Hatua hii inarukwa mara nyingi, nami naiona kuwa yenye thamani kuliko zote. Rusha miale laki moja hivi ndani ya bamba lisilo na unamu wowote, halafu usome nguvu inayotoka kwenye kila uso.

Unachotarajia ni hiki. Uso wa juu: sifuri. Wa chini: sifuri. Kuta za pembeni: sifuri. Ukingo wa mbali: karibu mwanga wote ulioingia. Kwenye ukingo wa kuingilia utapoteza kidogo kwa uakisi wa Fresnel, yaani sehemu ya mwanga inayorudishwa mwale unapovuka kati ya hewa na plastiki. Kwa mwale unaoingia wima ni kama asilimia 4, na kwa miale iliyolala ni zaidi.

Ukiona mwanga unatoka juu, usiendelee. Kuna jambo moja kati ya machache: LED imeingia ndani ya plastiki, uso fulani umepewa tabia ya kutawanya bila wewe kujua, bamba lina kona iliyokatwa au kuviringwa, au nyenzo haijawekwa kabisa. Kosa la aina hii likipita hapa, utakuja kulifidia kwa unamu bila kujua, na bamba halisi likitoka kwenye kalibu halitafanana na modeli.

Majibu yakishalingana na matarajio, amua kuhusu ukingo wa mbali. Mwanga unaofika pale hutoka bure, kwa hiyo wengi huubandika kiakisi ili uurudishe. Ni uamuzi mzuri, ila kumbuka kwamba sasa mwanga unasafiri pande mbili, na msongamano wa unamu karibu na mwisho utapungua kuliko hesabu ya upande mmoja inavyosema.

## Hatua ya 4: Chagua kinachoutoa mwanga

Nukta ya wino mweupe ndiyo rahisi kuiga. Mwale unaoigonga kutoka ndani hutawanywa kila upande kwa kanuni ya Lambert: mwingi zaidi kuelekea wima juu ya uso, ukipungua kadiri pembe inavyolala. Sehemu inayoangukia ndani ya pembe mpaka hutoka juu mara moja, na sehemu hiyo ni 1 gawa kwa fahirisi kipeo cha pili: kwa akriliki, karibu 0.45. Kwa hiyo kila mwale ukigonga nukta, uwezekano wake wa kutoka ni chini kidogo ya nusu. Unaobaki huendelea na safari, sehemu yake ikirudi nyuma kuelekea LED. Ishike hiyo 0.45, tutaitumia.

Mfereji wenye umbo la V hufanya kazi kwa uso wake uliolala. Tuseme mwale unashuka kwa pembe θ chini ya mlalo na unagonga uso wa mfereji ulioinuliwa kwa pembe α kutoka uso wa chini. Ukiakisiwa, unapanda kwa pembe ya 2α + θ. Ili utoke wima, 2α + θ iwe 90. Mwale wenye θ ya digrii 4 unahitaji uso wa digrii 43. Wengi huchagua digrii 45 kwa mazoea. Lakini mwale huakisiwa kikamilifu pale tu α + θ isipozidi 48. Kwa α ya 45, mwale wowote unaoshuka kwa zaidi ya digrii 3 hupenya mfereji na kutoka chini. Karatasi ya kuakisi itaurudisha, lakini si kwa mwelekeo uliouchagua. Ukitaka mng'ao wenye mwelekeo maalumu, jaribu pembe chache kati ya 30 na 50 kwa mfereji mmoja kabla ya kupanga maelfu.

Kishimo cha mduara, kama kipande cha tufe kilichogandamizwa ndani ya plastiki, kiko katikati ya hizo mbili. Tabia yake inatawaliwa na mteremko wa ukingo wake. Chenye kipenyo cha milimita 0.1 na kina cha mikroni 15 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kina mteremko wa digrii 33 kwenye ukingo. Kina kikipungua hadi mikroni 12, mteremko unashuka hadi digrii 27. Mikroni 3 zimebadilisha pembe kwa digrii 6, na tutalirudia jambo hili kwenye uvumilivu wa kiwandani, yaani tofauti za vipimo zinazokubalika, katika hatua ya 9.

## Hatua ya 5: Usichore vinundu, vitangaze

Chukua nukta za kipenyo cha milimita 0.1 zinazofunika wastani wa asilimia 29 ya uso wa chini. Kwenye bamba letu la milimita 150 kwa 100, hizo ni zaidi ya nusu milioni. Hakuna programu ya uchoraji itakayozibeba zikiwa maumbo halisi huku ukiendelea kufanya kazi.

Ndiyo sababu programu za optiki zina unamu kama tabia ya uso. LightTools na Speos zina unamu wa 3D, TracePro ina kifaa kinachoitwa RepTile. Wazo ni moja: unaeleza kinundu kimoja, unaeleza kinakaa wapi na wapi, na programu hukikokotoa pale tu mwale unapofika mahali hapo. Uso wenyewe unabaki bapa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta.

Unapoutangaza unamu, kagua haya kwa makini. Mwelekeo kwanza: kinundu kinaingia ndani ya plastiki au kinatokeza nje? Programu hutumia mwelekeo wa uso, na uso uliogeuzwa hukupa vishimo pale ulipotaka vinundu bila onyo lolote. Pili, tabia ya uso wa kinundu ni tofauti na tabia ya uso unaokizunguka; nukta ya wino hutawanya, plastiki iliyo kati ya nukta ibaki laini na safi. Tatu, acha ukingo mtupu kuzunguka eneo la unamu ili kinundu kisikatwe nusu na mpaka. Nne, vinundu visipandiane, kwa sababu programu nyingine huchukua cha kwanza na nyingine hutoa miale yenye hitilafu.

Halafu thibitisha. Chora kipande kidogo cha bamba chenye vinundu 10 kwa 10 kama maumbo halisi, tengeneza kingine chenye unamu wa vinundu vilevile, urushe miale ileile kwenye vyote viwili. Kiasi kinachotoka na mgawanyo wa pembe vilingane. Visipolingana, tatizo huwa kwenye mwelekeo au tabia ya uso, na ni rahisi kulikamata kwenye vinundu mia kuliko kwenye nusu milioni.

## Hatua ya 6: Kokotoa msongamano wa kuanzia

Hapa ndipo uzito wa kazi ulipo. Usianze na msongamano wa kubahatisha ukaiachia programu itafute yenyewe. Itatafuta, lakini polepole, na ikikwama hutajua imekwama kwa sababu gani.

Tuseme mwanga ulioingia ni Φ₀, na unataka sehemu η itoke juu kwa usawa katika urefu L. Kila milimita inatakiwa kutoa kiasi kilekile, ηΦ₀/L. Lakini mwanga uliobaki baada ya kusafiri umbali x ni Φ₀(1 − ηx/L). Hivyo sehemu ya mwanga uliobaki inayotakiwa kutolewa kwa kila milimita ni:

k(x) = η / (L − ηx)

Kwa bamba letu, L ni 150 na tuseme η ni 0.8. Mwanzoni k ni 0.0053 kwa milimita. Mwishoni ni 0.0267. Uwiano ni 5, na unatokana na 1/(1 − η) peke yake. Ukitaka asilimia 90 itoke, uwiano unapanda hadi 10. Kwa fomula hii fupi unaweza kumwambia mteja, kabla ya kuwasha programu, kwamba ufanisi anaoudai utahitaji vinundu vilivyosongamana mwishoni kupita uwezo wa kiwanda.

Sasa geuza k kuwa eneo linalofunikwa na nukta, f. Mwale unaosafiri ndani ya bamba la unene t hugonga uso wa chini kila baada ya umbali wa 2t gawa kwa tanjenti ya pembe yake. Kwa LED ya Lambert na akriliki, 0.33 ni makadirio mazuri ya wastani wa tanjenti hiyo. Kila mgongano una uwezekano f wa kukuta nukta, na nukta hutoa 0.45. Kwa unene wa milimita 2:

k ≈ f × 0.45 × 0.33 / 4 ≈ 0.037 f

Matokeo: f ya mwanzo ni karibu 0.14, ya mwisho ni karibu 0.72. Kwa nukta za kipenyo cha milimita 0.1 zilizopangwa kimraba, hiyo ni nafasi ya milimita 0.234 kati ya vitovu mwanzoni na 0.1045 mwishoni. Yaani mwishoni nukta zimebakiza mikroni 4 au 5 tu zisigusane. Mpangilio wa mraba hauwezi kuzidi 0.785 kwa vyovyote, kwa hiyo tuko ukutani.

Usikate tamaa mapema, kwa kuwa hesabu hii inaelemea upande wa tahadhari. Mwanga uliokwisha kutawanywa mara moja na kubaki ndani husafiri kwa pembe kali zaidi, hivyo hugonga uso wa chini mara nyingi zaidi, na kiakisi cha ukingo wa mbali hurudisha mwingine. Msongamano halisi wa mwisho utakuwa chini ya 0.72. Lakini ukiona fomula inadai 1.2, elewa kwamba bamba ni nene mno kwa urefu wake au kinundu ni dhaifu. Punguza unene, panga nukta kwa mtindo wa sega la nyuki unaofika 0.90, au ukubali ufanisi mdogo.

## Hatua ya 7: Rusha miale ya kutosha, kwa mipangilio sahihi

Programu nyingi huua mwale baada ya kugonga nyuso idadi fulani, au nguvu yake ikishuka chini ya kiwango fulani. Mipangilio ya kawaida imewekwa kwa ajili ya lenzi, ambako mwale hupita nyuso chache. Ndani ya bamba letu mwale wa wastani hugonga uso mmoja au mwingine kila milimita 6, yaani mara 25 kwa safari moja, na kwa kurudishwa na karatasi na kingo idadi hupanda hadi mamia. Ongeza kikomo hadi maelfu, kisha usome nguvu iliyopotea kwa miale iliyouawa. Iwe chini ya asilimia 1. Ikizidi, upande wa mbali wa ramani yako ni giza la uongo.

Uakisi wa Fresnel uwekwe kwa bahati nasibu, mwale mmoja uchague njia moja, badala ya kuugawa kila unapogonga. Kuugawa huzalisha miale mingi kiasi cha kuizamisha kompyuta.

Idadi ya miale hutokana na chenga, yaani madoadoa ya nasibu kwenye ramani, unazoweza kuzivumilia. Seli ya kipokezi iliyopokea miale N ina kosa la nasibu la karibu 1 gawa kwa kipeuo cha pili cha N. Ukigawa uso kwa seli za milimita 5, unapata 30 kwa 20, yaani seli 600. Kwa kosa la asilimia 1 unahitaji miale 10,000 kwenye kila seli, milioni 6 zilizofika. Kwa asilimia 2 zinatosha 2,500 kwa seli, milioni 1.5 kwa jumla. Anza na hizo milioni 1.5 na uache milioni 6 kwa mzunguko wa mwisho. Na usilainishe ramani kabla ya kuisoma. Ulainishaji huficha chenga, na hapo hapo huficha mstari mweusi ulio kati ya LED mbili.

Seli iwe kubwa mara nyingi kuliko nafasi kati ya vinundu. Seli inayomeza kinundu kimoja na nusu itakuonyesha mawimbi ambayo hayapo.

## Hatua ya 8: Sahihisha msongamano

Soma ramani, kisha kwa kila eneo ukokotoe:

f mpya = f ya zamani × (lengo ÷ kipimo)^0.6

Kipeo kinachopungua 1 kipo kwa sababu maeneo hayajitegemei. Ukiongeza vinundu milimita ya 20, unakula mwanga uliokuwa uende milimita ya 120. Ukisahihisha kwa nguvu zote, mzunguko unaofuata utakuta mwanzo unang'aa na mwisho umefifia, na ule unaofuata kinyume chake, bila kutulia. Kwa hatua za wastani, mizunguko michache kwa kawaida inatosha pale unapoanza na msongamano uliokokotolewa. Acha kusahihisha tofauti zilizobaki zikishuka kufikia kiwango cha chenga, la sivyo utakuwa unachonga nukta kufuata bahati nasibu.

Eleza msongamano kwa mkunjo laini, usipange kwa maeneo yenye mipaka ya ghafla. Jicho huvumilia mwanga unaopungua polepole kutoka katikati kwenda ukingoni, lakini hunasa mstari hata ukiwa wa tofauti ndogo.

Kuna sehemu moja ambayo unamu hauwezi kuirekebisha: milimita za kwanza mbele ya LED. Miale ya kila LED imebanwa ndani ya digrii 42 kila upande, hivyo kati ya LED mbili kuna pembetatu ambayo mwanga haujaifikia. Pengo kati ya LED likiwa milimita 5, miale ya pande mbili hukutana milimita 2.8 kutoka ukingoni, na kukutana tu si kuchanganyika. Acha angalau mara mbili ya umbali huo bila vinundu, uufiche chini ya fremu. Fremu isiporuhusu, weka meno madogo kwenye ukingo wa kuingilia yatanue mwanga kwa upana, ukikumbuka kwamba meno hayo yanavunja ile kanuni ya digrii 42, hivyo rudia jaribio la bamba tupu na usome kinachovuja.

Bamba likikaa nyuma ya skrini yenye pikseli, safu zilizonyooka za vinundu zitagombana na safu za pikseli na kuchora mawimbi mapana. Sogeza kila kinundu kidogo kwa nasibu kutoka mahali pake, ukidhibiti umbali wa chini kati yao. Nasibu tupu bila kidhibiti huunda vishada na mapengo, na vishada huonekana kama madoa.

## Hatua ya 9: Haribu modeli kwa makusudi

Modeli nzuri huonyesha bamba kamili. Kiwanda hakitoi bamba kamili, basi badilisha kitu kimoja kwa wakati na uangalie usawa unashuka kiasi gani.

Kina cha vishimo, punguza kwa mikroni 3 sehemu ya mbali na mdomo wa kuingizia plastiki kwenye kalibu, ambako ujazaji huwa dhaifu. Kipenyo cha nukta za wino, ongeza kwa asilimia 5 hadi 10. Eneo hupanda kwa kipeo cha pili, na pale zilipobanana zitaungana. Nafasi ya LED, isogeze juu na chini kwa sehemu ya kumi ya milimita, kwani bamba lina unene wa milimita 2 tu na mwanga unaokosa ukingo unapita juu yake moja kwa moja hadi machoni. Joto pia: akriliki hutanuka kwa karibu sehemu 70 kwa milioni kwa kila digrii, kwa hiyo milimita 150 zikipata joto la digrii 40 zaidi hurefuka kwa milimita 0.4. Kama pengo mbele ya LED lilikuwa 0.2, bamba sasa linaisukuma LED.

Endapo jaribio moja linaporomosha usawa, rudi kwenye hatua ya 4 na uchague kinundu chenye mteremko wa wastani. Ufanisi utashuka kidogo, lakini bamba la elfu litafanana na la kwanza.

## Hatua ya 10: Toa faili

Usijaribu kutoa bamba zima lenye vinundu kama umbo la STEP, yaani faili la kawaida la michoro ya 3D. Faili litakuwa kubwa kiasi cha kutofunguka popote, na mtengeneza kalibu hatalihitaji. Mpe vitu vitatu: umbo la bamba tupu, mchoro wa kinundu kimoja wenye vipimo na uvumilivu wake, na faili la maandishi lenye mstari mmoja kwa kila kinundu: x, y, na kipenyo kama kinabadilika. Andika juu ya faili vipimo ni milimita, kitovu cha vipimo (pale x na y ni sifuri) kiko kona ipi, na uso unatazamwa kutoka ndani ya plastiki au kutoka nje. Kalibu ni kinyume cha bamba, na ramani iliyosomwa kutoka upande usio sahihi huhamisha kushoto kwenda kulia.

Kabla ya kulituma, liingize faili hilo hilo kwenye programu kama unamu mpya juu ya bamba jipya, urushe miale milioni 6 na ulinganishe na ramani ya mwisho uliyoidhinisha. Hesabu pia mistari yake: ilingane na idadi ya vinundu ambayo programu ilikuripotia.